Uzi: Jina lako lipo kwenye makala, data hujawahi kuziona. Siku ukiulizwa utajibu nini?

#1 Dodoso Safi (mleta mada)

Wakuu, habari za usiku. Uzi ni mrefu, mwenye kahawa achemshe kabisa. Nawalenga zaidi walioko vyuoni, lakini aliye nje naye asipite tu, maana makala za kitabibu zikiharibika anayemeza dawa ni yeye.

Nianze na kilichonikuta. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa mhadhiri msaidizi kwenye chuo ambacho sitakitaja, na msinifuate PM kuniuliza. Msimamizi wangu alipata hela za wafadhili: madodoso 400, kaya za vijijini, wilaya mbili. Kazi yangu ilikuwa kuingiza majibu kwenye kompyuta. Madodoso yakaja kwenye viroba viwili.

Kiroba cha kwanza kilikuwa cha kweli. Dodoso lililotoka kijijini unalijua kwa kulishika tu. Limekunjwa katikati kwa sababu lilipanda bodaboda ndani ya begi la mgongoni. Kona imechanika, kuna duara la kikombe cha chai. Swali la 14 limeanza kujibiwa kwa wino wa bluu likamaliziwa kwa nyekundu. Mama mmoja kataja watoto watano, halafu pembeni kijana kaandika "sita, mmoja yuko Geita".

Kiroba cha pili kilikuwa kisafi mno. Mia na kitu hivi, hakuna lililokunjwa, kalamu moja, mwandiko mmoja unaolalia kulia, na umri wa wahojiwa karibu wote unaishia na sifuri au tano. Najua mtasema watu hukadiria umri, na ni kweli, hata kwenye sensa hilo huonekana. Ila wa kiroba cha kwanza hawakukadiria kiasi hicho, na wilaya zenyewe zimepakana. Halafu swali la kipato cha mwezi lilikuwa limejibiwa na kila mtu. Aliyewahi kumuuliza mkulima kipato chake cha mwezi anajua kwamba jibu la kwanza ni kicheko.

Nikayabeba mpaka kwa msimamizi. Akapindua matatu manne, akayarudisha mezani. "Hao vijana wameshalipwa posho ya siku kumi. Wewe ingiza." Nikaingiza. Mkataba wangu ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja na aliyekuwa akipendekeza uendelee ni yeye huyohuyo.

Makala ikaandikwa, majina matano juu. La kwanza ni la msimamizi. La pili ni la mkuu wa idara, ambaye nina hakika kichwa cha makala alikisoma mara ya kwanza siku anajaza fomu ya kuomba cheo.

Sasa hoja yangu. Sisi jina juu ya makala tunalichukulia kama jina kwenye kadi ya mchango wa harusi: umechangia, umeandikwa. Wenye majarida hawalioni hivyo. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ile ambayo wahariri wake walikutana Vancouver mwaka 1978, ina masharti manne ya kuitwa mwandishi. Uwe umechangia kwa uzito kwenye wazo, au kwenye ukusanyaji na uchambuzi wa data. Uwe umeandika au umeirekebisha kwa maana. Uwe umeidhinisha nakala ya mwisho. Na la nne, lililoongezwa mwaka 2013, ndilo lenye mwiba: ukubali kuwajibika kwa kazi yote, ili likizuka swali kuhusu sehemu yoyote lichunguzwe na kujibiwa. Yote manne kwa pamoja. Huchagui mawili ukaacha mawili.

Ukitaka kuona sharti la nne likivunjwa hadharani, kumbuka Mei 2020. Dunia imejifungia, kila mtu anauliza habari za klorokwini. Tarehe 22 Mei The Lancet, jarida la tiba la Uingereza, wakatoa makala yenye wagonjwa zaidi ya 96,000 kutoka hospitali 671 katika mabara sita, ikionyesha kwamba wagonjwa wa korona waliopewa klorokwini au haidroksiklorokwini walikufa zaidi. Siku tatu baadaye Shirika la Afya Duniani likatangaza kusimamisha kwa muda majaribio yake ya dawa hiyo. Data zote zilitoka kwenye kampuni ndogo ya Marekani, Surgisphere, na mwenye kampuni alikuwa mmoja wa waandishi wanne.

Sehemu inayotuhusu sisi ni hii. Watafiti zaidi ya mia moja waliandika barua ya wazi, na moja ya mambo waliyouliza ni Afrika. Kwa hesabu za makala ile, karibu robo ya wagonjwa wote wa korona wa bara hili, na asilimia 40 ya vifo, vilitokea kwenye hospitali zilizounganishwa na kampuni hiyo, tena zenye kumbukumbu za kielektroniki za kila mgonjwa. Wakuu, hospitali gani hizo? Mimi nimekwenda kutafuta faili la mama yangu kwenye hospitali ya rufaa nikaonyeshwa chumba chenye makabati na nikaambiwa "tafuta mwenyewe, lipo humo". Australia nako hesabu ziligoma: makala ilikuwa na vifo 73 mpaka tarehe 21 Aprili, wakati nchi nzima ilikuwa imehesabu 67.

Tarehe 4 Juni makala ikaondolewa. Nyingine iliyotumia data za kampuni ileile, kwenye New England Journal of Medicine, ikaondolewa siku hiyohiyo. Wale waandishi wengine watatu walikiri kwamba hawana uwezo wa kuthibitisha data zenyewe, kampuni ilikataa kuzitoa zote zikaguliwe. Yaani maprofesa wakubwa wa moyo, jarida la tangu 1823, wahakiki (wataalamu wanaoisoma makala kabla haijatoka), mhariri, na hakuna aliyesema "hebu nione hospitali moja tu ya Afrika iliyomo humu".

Nawasikiliza.

#2 Ngosha wa Kanda

Mkuu hoja nzuri ila umeipeleka mbinguni. Shuka huku chini.

Mkuu wa idara unayemsimanga ndiye aliyesaini barua ya kibali, akatoa gari, akampigia simu mkurugenzi wa halmashauri ili vijana wako wasikamatwe na mgambo. Bila yeye hakuna kiroba hata kimoja, kichafu wala kisafi. Leo ukimnyima jina, mradi ujao gari lina pancha miezi sita.

Na cheo kinahesabiwa kwa makala. Huna makala, utakuwa mhadhiri msaidizi mpaka watoto wako waje uwafundishe. Watu wanabebana kwa sababu mfumo umewaweka hivyo. Usitulaumu sisi tunaoogelea, laumu aliyechimba bwawa.

#3 Dodoso Safi

Ngosha, gari na barua vina mahali pake: sehemu ya shukrani mwishoni mwa makala. Iliwekwa kwa ajili hiyo hasa. Tatizo ni kwamba shukrani haina alama kwenye fomu ya cheo. Hapo kwenye mfumo nakuunga mkono mia kwa mia.

Ila jiulize, wakati wa kupanda cheo huyo mkuu ni mwandishi wa pili. Likizuka la kuzuka atasema nini? Atasema "mimi nilitoa gari tu".

#4 Binti Forodhani

Naomba kuingilia kidogo. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili na suala langu ni dogo kuliko hayo. Kila nikifungua barua pepe asubuhi nakuta "Profesa mheshimiwa, tumevutiwa mno na kazi yako iliyotukuka". Profesa! Mimi hata pendekezo la utafiti sijatetea. Wanataka makala ndani ya siku tano na wanatoa kwa siku saba. Mwenzangu darasani kalipa dola 150 na makala imetoka kweli, ina namba ya utambulisho na kila kitu. Msimamizi wake kafurahi. Sasa nani mjinga, yeye au mimi ninayesubiri jibu la jarida miezi tisa sasa?

#5 Mkutubi Mstaafu

Binti yangu, wewe si mjinga. Kaa hapa nikusimulie.

Mwaka 2013 mwandishi wa habari za sayansi, John Bohannon, alitunga makala ya uongo kuhusu kemikali ya kutibu saratani inayotokana na kuvu-mwani wa kwenye mawe. Aliitia makosa makusudi, grafu hailingani na maneno yaliyo chini yake, kosa ambalo mwanafunzi wa mwaka wa pili angeliona. Akaituma kwenye majarida 304 ya mtandaoni. Majarida 157 yakaikubali. Na ili ionekane ya kawaida, watunzi wa makala akawapa majina ya kubuni ya Kiafrika, na taasisi zao za kubuni akaziweka kwenye miji mikuu ya Afrika, mmojawapo Asmara. Hilo halikunifurahisha wakati ule na halinifurahishi leo. Akitafuta mtu ambaye hakuna atakayeshangaa kumkosa kwenye mtandao, kampata Afrika.

Baadaye watafiti wa Poland wakabuni mwanamama aitwaye Anna O. Szust. Ukiunganisha herufi ya katikati na jina la ukoo unapata neno la Kipolandi lenye maana ya laghai. Wakamwombea kazi ya uhariri kwenye majarida 360. Hana hata makala moja. Majarida 48 yakampa uhariri, mengine siku hizohizo. Matokeo yakatoka kwenye jarida la Nature mwaka 2017.

Kwa hiyo ile namba aliyonunua mwenzako haimaanishi kwamba kuna aliyeisoma kazi yake. Wenye kampuni moja ya Hyderabad, OMICS, mahakama ya Marekani iliwaamuru mwaka 2019 kulipa zaidi ya dola milioni 50 kwa kuwadanganya waandishi kuhusu uhakiki na ada.

Nilipokuwa kazini vijana walikuwa wananiuliza jarida fulani ni zuri? Nilikuwa nawajibu kwa maswali. Je, ada imeandikwa wazi kabla hujatuma? Wahariri waliotajwa, umemwandikia hata mmoja ukamuuliza kama anajijua yumo? Limo kwenye DOAJ, ile orodha ya majarida yanayosomwa bure mtandaoni, au kwenye tovuti ya AJOL kwa haya yetu ya Afrika? Umesoma makala mbili za toleo lililopita kuanzia mwanzo hadi mwisho? Hilo la mwisho ndilo wanalolikwepa, na ndilo linalomaliza ubishi.

Jambo moja zaidi, jarida kuchelewa au kuwa na tovuti mbaya si utapeli. Majarida yetu mengi yanaendeshwa na mhadhiri mmoja na katibu muhtasi mmoja, umeme ukikatika na jarida limekatika. Msiyachanganye na wezi.

#6 Kalamu Nairobi

Wakuu wa Bongo, salamu kutoka huku. Mimi nilikuwa upande ule mwingine wa biashara kwa miaka minne, kwa hivyo msinirushie mawe bado.

Nilikuwa naandikia watu. Kwanza insha za wanafunzi wa Uingereza na Marekani, nalipwa kwa ukurasa. Unakaa kwa kibanda cha mtandao usiku kwa sababu kwao ni mchana, mteja anataka kurasa kumi kuhusu uuguzi wa wazee na wewe ulisomea uhasibu. Baadaye ikaja kazi kubwa: makala za jarida. Mtu anakutumia jedwali moja na mstari mmoja, "andika kurasa kama kumi hivi, marejeo yasipungue thelathini". Nilikuwa sijui jedwali limetoka wapi. Sikuuliza. Kuuliza ni kupoteza mteja.

Moja nilikuja kuipata imechapishwa. Mpaka ile koma niliyokosea ilikuwa pale. Majina sita, yangu hakuna, na hata nisingelitaka.

Uingereza walipitisha sheria mwaka wa 2022 kuharamisha hizo kampuni za kuuza insha kule England. Sawa. Lakini kilichoniondoa mimi si sheria, ni akili mnemba. Mteja sasa anajiandikia mwenyewe kwa sekunde.

#7 Daktari wa Zamu

Kalamu, hilo la akili mnemba ndilo linalonikosesha usingizi kidogo. Februari 2024 kuna jarida lilitoa mchoro wa panya uliotengenezwa na mashine. Panya ana sehemu za siri kubwa kuliko mwili wake na maneno ya pembeni si ya lugha yoyote. Wahakiki walipita hapo, mhariri akapita hapo. Makala yenye mchoro huo iliondolewa siku chache baadaye baada ya watu kuicheka mitandaoni.

Na kabla ya hapo kulikuwa na zile makala zilizoibwa kisha zikapitishwa kwenye programu ya kubadilisha maneno ili zisinaswe. Saratani ya matiti ikawa kitu kama "hatari ya kifuani". Akili bandia ikawa "fahamu ghushi". Mfaransa mmoja, Guillaume Cabanac, na wenzake walianza kuyawinda maneno hayo mwaka 2021, wakavuna sana. Kampuni ya uchapishaji ya Wiley, walionunua wachapishaji wenzao Hindawi mwaka 2021 kwa dola milioni 298, walijikuta mwaka 2023 wanaondoa makala zaidi ya 8,000.

Ila nataka niseme kuhusu uhakiki, maana mimi huwa nahakiki. Ni kazi ya bure. Unaifanya saa nne usiku baada ya zamu. Mwaka juzi nililetewa muswada, kwenye maelezo wagonjwa ni 112, kwenye jedwali 121. Kosa la kidole, nikafikiri. Nikajumlisha safu moja moja: ikaja 117. Nikaandika kurasa mbili, nikaomba waonyeshe data. Mhariri akawaandikia, wakaondoa muswada wao kimya kimya. Wiki kama tano baadaye nikaukuta umetoka kwenye jarida jingine. 112 kwenye maelezo, 121 kwenye jedwali. Hawakugusa hata hilo.

Nilimwandikia mhariri wa jarida la pili. Mpaka leo nasubiri.

#8 Ngosha wa Kanda

Dokta, hapo umenigusa. Kumbe kuna watu wanasoma kweli? Mimi maoni niliyowahi kupata kwa mhakiki ni "Kiingereza kirekebishwe". Kiingereza chenyewe nilikuwa nimekipeleka kwa Mwingereza.

#9 Daktari wa Zamu

Hahaha. Hayo nayo yapo. Ila bora huyo kuliko wa Korea Kusini, Hyung-In Moon, aliyekuwa anajihakiki mwenyewe. Jarida likimwomba apendekeze wahakiki, anatoa majina yenye barua pepe zinazorudi kwake. Alinaswa mwaka 2012 kwa sababu moja ya kuchekesha: majibu yalikuwa yanarudi ndani ya saa 24. Mhariri akajua binadamu wa kawaida hahakiki haraka hivyo.

#10 Mkutubi Mstaafu

Mleta mada, nimeurudia uzi wako wa juu mara mbili. Umetueleza viroba, umetueleza msimamizi, umetueleza jina la kwanza na la pili. Majina ni matano. Hujatuambia makala ilitoka au haikutoka, na hujatuambia la tatu ni la nani.

#11 Ngosha wa Kanda

Nimeweka kigoda changu hapa nasubiri jibu.

#12 Dodoso Safi

Mzee umenikamata.

Ilitoka. Jina la tatu ni langu. Imeshanukuliwa mara kumi na moja, nahesabu, naziangalia kila baada ya miezi miwili kama mtu anayeangalia kidonda. Mara mbili kati ya hizo ni ripoti za mashirika yanayopanga miradi ya kilimo kwenye wilaya zilezile. Na mimi pia nilipanda cheo kwa makala hiyo. Sikutaka kuiweka mwanzoni kwa sababu nilijua mngeniuliza mnachotaka kuniuliza.

Madodoso yale bado ninayo. Ofisi ilipohamishwa walitaka kuyachoma, nikaomba kiroba cha pili nikaenda nacho nyumbani. Kipo juu ya kabati. Mke wangu anajua ni karatasi za chuo.

#13 Binti Forodhani

Pole kaka. Lakini sasa unaweza kufanya nini? Si imeshatoka?

#14 Mkutubi Mstaafu

Inaondolewa, binti. Makala haifi kwa kutoka. Ile ya 1998 ya daktari Mwingereza, Wakefield, kuhusu chanjo na usonji, watoto 12 tu, wenzake kumi waliikana tafsiri yake mwaka 2004 na jarida likaifuta kabisa mwaka 2010. Miaka kumi na miwili. Ya Surgisphere ilichukua siku kumi na tatu. Tofauti haikuwa ukubwa wa kosa. Ilikuwa ni nani alisema na alisema lini.

Na kuondoa makala si lazima kuwe kufungwa kitanzi. Frances Arnold, mshindi wa Nobel ya kemia ya 2018, aliandika mwenyewe mtandaoni Januari 2020 kwamba makala yake ya mwaka uliotangulia inaondolewa kwa sababu kazi haikuweza kurudiwa, na kwamba alikuwa na shughuli nyingi na hakufanya kazi yake vizuri. Hakuna aliyemvua Nobel. Watu walimheshimu zaidi.

Mwongozo wa COPE, kamati ya maadili ya wachapishaji iliyoanzishwa na wahariri wa Uingereza mwaka 1997, unasema makala ikithibitika haitegemeki iondolewe, iwe ni udanganyifu au kosa la bahati mbaya. Tangazo litaje sababu na litaje nani anaondoa, na makala ibaki inaonekana ikiwa na alama, isifichwe.

#15 Dodoso Safi

Nimeshaandika rasimu ya barua mara nne tangu mwaka jana. Ninapokwama ni hapa: mwandishi wa kwanza ni profesa sasa. Wa pili amestaafu. Wa nne na wa tano ni vijana ambao jina hilo ndilo lililowapa nafasi ya kusoma nje. Nikituma peke yangu nawamwagia wote. Nikiwaambia kwanza, najua simu ya kwanza itatoka kwa nani.

#16 Ngosha wa Kanda

Mkuu, nilikuwa nakupinga tangu juu ila hapa nasimama na wewe. Usiandike neno "udanganyifu". Huna ushahidi nani alijaza. Andika ulichokiona: idadi, kalamu, umri, kipato. Waache wao wahesabu.

#17 Daktari wa Zamu

Na ridhaa ya wote watano haihitajiki. The Lancet waliombwa na waandishi watatu kati ya wanne. Mwenye kampuni hakuwemo kwenye ombi hilo, na makala ikaondoka. Ukimwandikia mhariri, ni kazi yake kuwaandikia wenzako wote na kuwapa nafasi ya kujibu. Hao vijana wawili watajibu kwamba hawakuhusika na ukusanyaji, na itaandikwa hivyo.

Piga picha madodoso kabla hujatuma kitu. Yote, mbele na nyuma. Weka nakala sehemu mbili.

#18 Dodoso Safi

Nimekishusha kiroba. Ni 131, nilikuwa nimesahau idadi. Kuna mchwa kidogo chini, kama saba hayasomeki upande mmoja. Naanza na picha.